Utiifu, Ukomavu na Toba: Makuzi ya Kimaadili ya Alex katika Riwaya ya A Clockwork Orange

Utangulizi

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutumiwa mara kwa mara na wazazi, walimu na viongozi kila linapozuka suala la malezi ya vijana. Hata hivyo, kuna swali ambalo methali yenyewe hailijibu: je, samaki aliyekunjwa kwa nguvu amekunjika kweli au amevunjika tu? Riwaya ya A Clockwork Orange ya Mwingereza Anthony Burgess, iliyochapishwa mjini London mwaka wa 1962, imejengwa juu ya swali hilo. Mhusika wake mkuu, Alex, ni kijana wa miaka 15 anayepiga, kuiba, kubaka na hatimaye kuua, na anayefanya yote hayo kwa furaha. Dola inamkamata, inamfunga na kumfanya awe mwema kwa dawa. Baadaye dola hiyo hiyo inamrudisha alivyokuwa.

Makala haya yananuia kuchunguza makuzi ya kimaadili ya mhusika huyu. Hoja inayotetewa ni kwamba Burgess anatenganisha mambo matatu ambayo jamii huyachanganya inapomhukumu kijana mhalifu: utiifu, ukomavu na toba. Alex anapata utiifu kwa kulazimishwa na ukomavu kwa kupita kwa miaka. Toba haimfikii hadi riwaya inapokamilika. Kwa hiyo, wahakiki wanaosema kwamba Alex amebadilika wanasema kweli, na wanaosema kwamba hajabadilika pia wana hoja. Tofauti yao inatokana na jambo ambalo kila upande umechagua kuliita mabadiliko.

Nguli Pinzani, Distopia na Riwaya ya Makuzi

Ni muhimu kufafanua dhana chache kabla ya kuuingia uhakiki wenyewe. Nguli pinzani ni mhusika mkuu asiyekuwa na sifa zinazotarajiwa kwa nguli wa jadi, kama vile ushujaa, uadilifu au kujitolea kwa ajili ya wengine. Yeye si adui wa nguli, kwani ndiye anayeshikilia kitovu cha masimulizi na ndiye ambaye msomaji hulazimika kuandamana naye tangu mwanzo hadi mwisho.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaweza kuielewa dhana hii vyema zaidi akiilinganisha na usawiri wa wahusika katika kazi za Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) kuna Karama na Majivuno. Katika Adili na Nduguze (1952) kuna Adili. Majina ya wahusika hawa yanabeba hukumu. Msomaji hujua tangu mwanzo nani yuko upande wa haki, na kinachosalia ni kuona jinsi haki hiyo itakavyojaribiwa. Jina la Alex pia linaweza kufumbuliwa. Kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya 'bila' kikiunganishwa na neno la Kilatini lenye maana ya 'sheria', hupatikana mtu asiyekuwa na sheria. Hata hivyo, jina hilo halimwambii msomaji ampende au amchukie. Hukumu hiyo ameachiwa msomaji mwenyewe.

Distopia, kwa upande wake, ni jamii ya kubuni ambamo maovu yaliyomo katika jamii halisi yamekuzwa hadi yakatawala maisha yote. Riwaya ya makuzi nayo ni ile inayofuatilia safari ya kijana kutoka utotoni au ujanani hadi utu uzima, pamoja na mafunzo anayoyapata njiani. Burgess anaziweka aina hizi mbili katika chungu kimoja, na matokeo yake ni mgongano. Distopia huonyesha mtu akimezwa na mfumo, ilhali riwaya ya makuzi huonyesha mtu akikua. Je, mtu anaweza kukua ndani ya mfumo unaommeza?

Usuli wa Riwaya

Burgess alizaliwa Manchester mwaka wa 1917 katika familia ya Kikatoliki na akafariki mwaka wa 1993. Ingawa aliiacha ibada ya kanisa lake, mjadala wa kale wa Ukristo kuhusu hiari ya mwanadamu na dhambi ya asili haukumtoka. Kupitia kwa riwaya hii, anauliza kama binadamu huzaliwa na kasoro anayopaswa kupambana nayo, au huzaliwa mweupe kama karatasi ambayo dola inaweza kuandika juu yake inavyotaka.

Aidha, kulikuwa na sababu za kijamii. Katika miaka ya 1950, magazeti ya Uingereza yalijaa habari za magenge ya vijana waliovalia kwa mtindo wao na kupigana mitaani. Mwaka wa 1961, Burgess alizuru Leningrad na kukuta kwamba hata chini ya utawala wa Kikomunisti kulikuwa na vijana wa aina hiyo. Katika miaka iyo hiyo, madaktari katika nchi kadhaa za Magharibi, Uingereza ikiwemo, walikuwa wakiwapa watu dawa za kutapisha huku wakiwaonyesha kitu walichotakiwa kukichukia. Walevi walitibiwa kwa njia hiyo, na vilevile wanaume waliovutiwa na wanaume wenzao. Kwa hiyo, Mbinu ya Ludovico inayotumiwa kumtibu Alex haikuwa ndoto tupu. Burgess alichukua jambo lililokuwa likitendeka kliniki na kulikabidhi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kulikuwa pia na jeraha la nyumbani. Burgess alieleza kwamba mkewe wa kwanza alishambuliwa na wanajeshi mjini London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika riwaya, genge la Alex linavamia nyumba ya mwandishi mmoja, F. Alexander, na kumbaka mkewe mbele yake. Mwandishi huyo alikuwa akiandika kitabu ambacho nacho kinaitwa A Clockwork Orange. Ni bayana kwamba Burgess alijiweka katika nafasi ya mdhulumiwa, kisha akampa mdhulumu kalamu ya kusimulia. Uamuzi huo ndio unaoipa riwaya uzito wake, kwa kuwa utetezi wa hiari ya mhalifu hautoki kwa mtu asiyejua uchungu wa uhalifu.

Kijana Katili na Lugha Yake

Riwaya ina sehemu tatu, kila moja ikiwa na sura saba. Sehemu ya kwanza inamsawiri Alex na wenzake watatu, Pete, Georgie na Dim, katika usiku wa uhalifu. Wanampiga mzee aliyebeba vitabu, wanaliibia duka, wanapigana na genge la Billyboy, wanaiba gari, kisha wanaivamia nyumba ya F. Alexander. Siku inayofuata, Alex anawalewesha na kuwabaka wasichana wawili ambao hawajazidi miaka kumi. Sehemu inakwisha pale anapompiga bikizee mmoja anayeishi na paka wengi. Wenzake, ambao wamechoshwa na ubabe wake, wanamsaliti, naye anakamatwa. Akiwa kituoni ndipo anapopata habari kwamba bikizee yule amekufa.

Alex anasimulia haya yote kwa nafsi ya kwanza na kwa lugha ya vijana iitwayo Nadsat, ambayo Burgess aliibuni kwa kutumia hasa maneno yenye asili ya Kirusi. Jina lenyewe linatokana na kiambishi cha Kirusi kinachotumika katika namba za kumi na moja hadi kumi na tisa. Msomaji wa Kenya atakumbuka Sheng, ambayo pia huwatenga vijana na wazee wao. Hata hivyo, Sheng ilizaliwa vinywani mwa wasemaji wa mitaa ya Nairobi, ilhali Nadsat ilibuniwa mezani na mtu mmoja kwa lengo mahususi la kisanaa.

Lengo hilo ni la kimaadili pia. Katika kurasa za mwanzo, msomaji haelewi vizuri kinachotendeka, kwa kuwa damu, ngumi na vilio vimefunikwa na maneno mageni. Ukatili unamfikia kama sauti kabla ya kumfikia kama tendo. Baada ya kurasa chache anaanza kuyaelewa maneno hayo pasipo kamusi, na hapo anatambua kwamba amefundishwa lugha na mbakaji. Aidha, Alex humwita msomaji ndugu yake kila mara. Yamkini huu ndio mtego mkubwa wa riwaya. Msomaji anayemcheka Dim kwa ujinga wake, au anayeufurahia ucheshi wa Alex, tayari ameketi katika meza ya genge.

Jambo la pili linalostahili kuzingatiwa ni muziki. Alex anaupenda muziki wa Beethoven kuliko kitu kingine chochote. Wakati mmoja anasoma makala gazetini yanayodai kwamba sanaa ingewastaarabisha vijana, naye anacheka, kwa sababu muziki huo ndio unaompandisha mori wa kuumiza watu. Wanafunzi na wahadhiri wa fasihi wanapaswa kulitafakari jambo hili kwa makini. Mara nyingi fasihi hutetewa kwa hoja kwamba hujenga maadili ya msomaji. Alex ni ushahidi wa kinyume, kwani ana sikio pevu la sanaa na moyo usiomwona binadamu mwenzake. Burgess, aliyekuwa mtunzi wa muziki pia, hakuidharau sanaa. Alionya tu kwamba uzuri na wema si ndugu wa tumbo moja.

Utiifu: Wema wa Kupachikwa

Katika sehemu ya pili, Alex amehukumiwa kifungo cha miaka 14. Baada ya miaka miwili, anashiriki katika kumpiga mfungwa mwenzao hadi kufa, kisha anachaguliwa kwa majaribio ya Mbinu ya Ludovico. Anadungwa dawa inayomtia kichefuchefu, anafungwa kwenye kiti, macho yake yanawekewa vishikizo ili yasifumbe, na anaonyeshwa filamu za ukatili. Katika muda wa takribani wiki mbili, mwili wake umejifunza kuugua kila anapofikiria kumdhuru mtu. Kwa kuwa filamu mojawapo ilisindikizwa na muziki wa Beethoven, hata muziki anaoupenda unageuka kuwa sumu kwake.

Siku ya maonyesho inapofika, Alex anasimamishwa jukwaani mbele ya wakubwa. Mtu mmoja anamtukana na kumpiga, naye, ili kuepuka kichefuchefu, analamba kiatu cha mtu huyo. Watazamaji wanashangilia. Kwa Daktari Brodsky na Waziri wa Mambo ya Ndani, kazi imekwisha: uhalifu utapungua na magereza yatapata nafasi. Ni kasisi wa gereza pekee anayeuliza kama mtu asiyeweza kuchagua bado ni mtu. Inafaa ieleweke kwamba kasisi huyu si malaika. Ni mlevi na anakichelea cheo chake, na kwa muda mrefu alinyamaza alipopaswa kusema. Burgess amempa hoja nzito mhusika dhaifu, labda ili msomaji aipime hoja yenyewe badala ya kumsujudia msemaji.

Hapa ndipo jina la riwaya linapopata maana. Chungwa ni tunda lenye uhai, rangi na utamu. Likiondolewa nyama yake na kutiwa mtambo wa saa, litabaki na sura ya chungwa lakini halitakuwa tunda tena. Burgess, aliyewahi kufundisha Malaya katika miaka ya 1950, aliliona pia katika jina hilo neno la Kimalei 'orang', lenye maana ya mtu. Alex aliyetoka maabara ni mtu kwa umbo. Hamdhuru yeyote, lakini si kwa sababu amemwonea mtu huruma. Anapolamba kiatu, anachokifikiria ni tumbo lake mwenyewe. Utiifu wake, kwa hivyo, ni ubinafsi ule ule uliobadilishiwa mwelekeo. Hapo awali maumivu ya wengine yalimfurahisha, sasa yanamtapisha. Katika hali zote mbili, mwenye maumivu hahesabiki.

Asiyefunzwa na Mamaye

Wahenga walisema pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wazazi wa Alex ni watu wanyonge. Wanakwenda kazini, wanamwogopa mwana wao na hawamwulizi usiku alikuwa wapi. Sehemu ya tatu inaujaribu ukweli wa methali hii kwa kumtupa Alex asiyeweza kujitetea mikononi mwa watu aliowadhulumu.

Anaporudi nyumbani anakuta wazazi wamempangisha mtu chumba chake. Katika maktaba anatambuliwa na yule mzee mwenye vitabu, ambaye pamoja na wazee wenzake wanampiga. Polisi wanaokuja kumwokoa ni Dim na Billyboy, ambao sasa wamepewa sare na mshahara kwa ukatili ule ule. Wanampeleka nje ya mji na kumpiga vibaya. Anapojikokota kutafuta msaada, mlango anaoubisha ni wa F. Alexander, ambaye mkewe alikwisha kufa baada ya shambulio lile.

Mwandishi huyu hamtambui mara moja, na anamlaki kama mhanga wa serikali. Yeye na wenzake wa upinzani wanataka kumtumia kuiangusha serikali. Anapong'amua kwamba mgeni wake ndiye aliyeivunja nyumba yake, falsafa yake ya uhuru inayeyuka mbele ya kisasi. Alex anafungiwa chumbani na kupigiwa muziki hadi anajirusha dirishani. Anaokoka. Serikali, kwa kuwa imeaibika, inamtibu hospitalini na kumrejeshea uwezo wa kutenda maovu, kisha Waziri anamtembelea na kupiga picha naye. F. Alexander naye anatiwa kizuizini.

Ulimwengu umemfunza nini Alex? Jibu ni kwamba haukumfunza chochote. Mapigo yote hayo hayamfanyi aseme hata mara moja, "Hivi ndivyo nilivyowafanyia." Anajiona kuwa anayeonewa. Sura ya 20 inakwisha akiusikiliza tena muziki wa Beethoven na kuota akiuchanja ulimwengu kwa wembe. Kisasi kimeshindwa kufanya kile ambacho dawa pia ilishindwa kufanya. Aidha, sehemu hii inaonyesha kwamba dola na upinzani vinafanana katika jambo moja: pande zote mbili zinamtumia kijana kama chombo. Huu ndio udistopia wa riwaya hii. Hakuna mtu mzima hata mmoja anayemtazama Alex kama mtu anayeweza kukua.

Ukomavu: Sura ya 21 na Mgogoro Wake

Toleo la Uingereza lina sura 21. Idadi hiyo haikuchaguliwa kibahati. Wakati riwaya ilipochapishwa, miaka 21 ndiyo iliyokuwa umri wa utu uzima katika sheria ya nchi hiyo. Toleo la Marekani la mwaka wa 1963 liliiacha sura ya mwisho. Burgess alieleza baadaye kwamba alikubali kwa sababu ya shida ya fedha. Mhariri wa huko alishikilia kwamba lilikuwa pendekezo tu. Filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka wa 1971 iliufuata mwisho huo wa sura ya 20. Matokeo yake ni kwamba watu wengi duniani walimjua Alex asiyebadilika. Sura hiyo ilirejeshwa katika toleo la Marekani mwaka wa 1986.

Katika sura ya 21, Alex ana miaka 18 na genge jipya. Kila sehemu ya riwaya ilianza kwa swali moja linalouliza ni jambo gani litakalofanyika sasa, na sura hii nayo inaanza kwa swali hilo. Sehemu ya kwanza, lilikuwa swali la vijana wanaotafuta burudani ya usiku. Sehemu ya pili, lilitoka kinywani mwa kasisi akiwahubiria wafungwa. Sehemu ya tatu, Alex alijiuliza akiwa peke yake nje ya gereza. Sasa linarudi mezani pa genge, lakini mwulizaji hana tena hamu ya jibu. Amechoka. Hataki kutumia fedha zake ovyo. Anapendelea nyimbo tulivu za sauti moja na piano. Mfukoni amebeba picha ya mtoto mchanga aliyoikata gazetini, na wenzake wanapoiona wanamcheka.

Anawaacha waende bila yeye. Katika mkahawa mmoja anakutana na Pete, mwenzake wa zamani, ambaye sasa ana mke na kazi. Pete anazungumza lugha ya kawaida, na mkewe anacheka anapoisikia Nadsat ya Alex. Kicheko hicho kinamchoma zaidi ya ngumi za Dim. Lugha iliyokuwa silaha na fahari yake imekuwa kichekesho cha kitoto. Alex anaondoka akimwaza mke na mwana atakaowapata. Anaufananisha ujana na mwanasesere wa chuma anayetiwa ufunguo, akaenda mbele moja kwa moja na kugonga kila kilicho njiani.

Mfano huu ni muhimu sana. Kumbe hata kabla ya Ludovico, Alex alikuwa mtambo! Hiari ambayo kasisi aliitetea haikuwa imekomaa. Aidha, ukomavu haukuletwa na dawa, gereza wala kisasi. Umekuja polepole, kama ndevu zinavyoota. Waswahili husema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Dola ilitumia nguvu zake zote kuufukuza moshi huo kwa upepo wa mashine, na haikutambua kwamba moshi hupaa wenyewe.

Ukomavu Usio na Toba

Wapo wanaouona mwisho huu kuwa dhaifu, kwa madai kwamba unamsamehe Alex kwa urahisi. Wapo wanaouona kuwa wa lazima, kwa kuwa riwaya ambamo mtu hawezi kubadilika haina maadili yoyote ya kujadili. Makala haya yanakubaliana na kundi la pili kuhusu haja ya sura hiyo, lakini yanalikumbusha kundi hilo jambo moja. Katika sura nzima, Alex hawataji aliowadhulumu kwa majuto. Bikizee wa paka, mke wa F. Alexander, wasichana wawili na mfungwa aliyeuawa wamesahauliwa. Anachokihuzunikia ni ujana wake unaokwisha.

Hata ndoto yake ya familia inahitaji kuchunguzwa. Mke anayemwaza hana jina wala matakwa. Ni mtu wa kupika chakula na kumzalia mwana. Kijana aliyewatumia wanawake kwa nguvu bado anawawaza kama watu wa kutumiwa, ingawa sasa kwa upole. Vilevile, anaamini kwamba atakapomweleza mwanawe maovu yake, mwana huyo hataelewa, na huenda akayatenda yote aliyoyatenda babaye, na mjukuu naye vivyo hivyo hadi mwisho wa dunia. Alex hana mpango wa kuukata mnyororo huo. Anaukubali kama mtu anavyoyakubali majira ya mvua.

Kiswahili kinampa mhakiki nyenzo nzuri ya kulieleza jambo hili. Hatua anayoifikia Alex huitwa utu uzima. Neno hilo lina sehemu mbili. Uzima wa umri huja wenyewe kwa yeyote asiyekufa mapema. Utu hauji hivyo. Utu huhitaji kumtambua mwenzako kuwa ni mtu, na kutambua kwamba ulipomtendea vibaya, ulimtendea mtu. Alex wa sura ya 21 ameupata uzima, na mlango wa utu uko wazi mbele yake kwa mara ya kwanza. Riwaya inamwacha kizingitini.

Kumwacha hapo si kasoro ya utunzi. Lau Burgess angemfanya Alex apige magoti na kulia, mwandishi angekuwa amefanya kazi ya Daktari Brodsky: angempachika mhusika wake wema kwa kalamu badala ya sindano. Toba ya Alex, ikiwa itakuja, sharti iwe yake. Hapo umbo la riwaya na hoja yake vinalingana. Mtunzi ameiheshimu hiari ya mhusika mbaya kuliko wote, hata pale ambapo msomaji alitamani kuona malipo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makuzi ya Alex hayawezi kufupishwa kwa kusema tu kwamba alikuwa mwovu kisha akawa mwema. Utiifu aliopewa na dola ulimwondolea uovu pamoja na uwezo wa kuwa mwema. Ukomavu ulioletwa na miaka ulimwondolea hamu ya ukatili, bila kumfunulia macho awaone waliodhulumiwa. Toba ndiyo pekee ambayo ingelikamilisha badiliko hilo, nayo haiwezi kutolewa na daktari, hakimu, wala mwandishi.

Funzo hili lina uzito kwa kila jamii inayopambana na vijana wakatili, hasa pale sauti za kutaka dawa ya haraka zinapozidi. Samaki mbichi hukunjwa, lakini kijana si samaki. Anayemkunja asipompa nafasi ya kuwatazama aliowaumiza, atapata kijana mtulivu na kudhani amepata kijana mwema. Mzee wa maktaba, bikizee wa paka na wasichana wale wawili hawakupata kusikia neno lolote kutoka kwa Alex. Msomaji anapokifunga kitabu, deni hilo bado halijalipwa.